Hakuna Mtoto Asiye na Kwao

Mwaka 2018 niliombwa kufasiri waraka. Walioniomba walikuwa mume na mke kutoka ng'ambo, wamisionari, waliokuwa wakitumika katika makao ya watoto yaliyo huku kwetu pwani ya kusini, kati ya Kilwa na Lindi. Makao yenyewe siyataji jina, na wenyewe siwataji, kwa sababu sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na neno lao moja. Waraka ule waliuandika kwa Kiingereza kuwapelekea rafiki zao wa kwao, wale wanaochanga fedha, kisha wakaona ni vema uwepo kwa Kiswahili pia, ili wazee wa kijiji na wafanyakazi wa makao wajue yanayosemwa juu yao. Nia hiyo niliipenda sana. Wanaotuandika ni wengi, wanaotaka tusome walichokiandika ni wachache.

Ukurasa wa kwanza niliumaliza jioni moja, tena nikicheka. Walieleza habari za joto, na za maji ya chumvi kisimani, na za mke aliyenunua pweza akamchemsha bila kumpigapiga kwanza, akatoka mgumu kama ndara. Walieleza safari ya kutoka Dar es Salaam, na mshangao wao kusikia kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 sisi wa kusini tulikuwa tukisubiri kivuko pale Rufiji, na masika yakizidi tunasahaulika kama tusiokuwepo. Yote hayo yalikuwa kweli, na yalisemwa kwa moyo mzuri. Ukurasa wa pili ulianza na maneno ambayo nayatoa kwa Kiswahili changu: watoto hawa hawana mtu duniani isipokuwa sisi.

Hapo kalamu yangu iligoma.

Waraka ulikuwa na picha ya watoto kumi na wawili, wamepangwa ngazini kuanzia mdogo hadi mkubwa. Mimi nimefundisha shule za msingi za wilaya hii miaka thelathini na mmoja, na macho yangu, ingawa yamechoka, bado yanajua sura za watu. Katika wale kumi na wawili niliwatambua watatu. Wa kwanza, bibi yake mzaa mama anauza mihogo ya kuchoma pale njia panda ya Nangurukuru, mahali mabasi yanaposimama. Kila asafiriye kwenda Lindi amekwisha kula mihogo yake. Wa pili ana mjomba fundi wa mashua hapa Kivinje, mtu wa swala tano, asiyekopa wala kukopwa. Wa tatu mama yake yu hai. Ameolewa mara ya pili huko upande wa Somanga, na mume mpya hakutaka kulea mtoto wa mwenziwe. Sasa nijibiwe: katika watatu hawa, nani hana mtu duniani?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa hayo ni maneno tu ya barua ya kuomba msaada, na ombaomba hachagui maneno. Lakini neno huzaa. Ukimwita mtoto asiye na mtu, hutaona haja ya kumtafuta mtu wake. Hutamwandika bibi kwenye faili. Hutaacha nafasi ya kiti kwenye ukumbi siku ya Idi au siku ya Krismasi, wala hutatenga nauli ya basi ya kumpeleka mtoto akamwone mgonjwa wao. Mwaka wa kwanza ni neno tu. Mwaka wa kumi limekwisha kuwa kweli, na aliyelifanya kuwa kweli ni yule aliyelisema.

Tuanze na neno yatima, maana nalo limepotoshwa. Katika dini ya wengi wa pwani hii, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Anaweza kuwa na mama, babu, shangazi, ami na nyumba nzima ya ndugu, naye bado ni yatima, na ndiyo maana mali yake hulindwa na mlezi wake huonywa vikali. Kwa hiyo uyatima ni haki aliyo nayo mtoto juu ya jamaa zake. Hauna maana kwamba jamaa hawapo. Na ukitoka kwenye dini ukaja kwenye mila, kwa Wayao, Wamakonde na Wamwera mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba akifa, mjomba yupo. Mjomba akifa, yupo anayerithi ujomba. Watu wa namna hiyo ukiwaambia kuwa mtoto wao hana mtu, umewatukana, hata kama umesema kwa machozi.

Wala neno hili si geni katika pwani yetu. Mji ninaokaa, Kilwa Kivinje, ndio uliokuwa mlango mkubwa wa watumwa waliotoka bara ya Nyasa. Hesabu za forodha za kuanzia mwaka 1862 hadi 1867 ziliandika watumwa wapatao 97,000 waliopakiwa kutoka Kilwa, na waliopitishwa kwa magendo hawamo. Wengi walikuwa watoto, kwa kuwa mtoto hula kidogo, hatoroki upesi na husahau njia. Baadhi ya majahazi yalikamatwa baharini na manowari za Kiingereza, na watoto waliokutwa ndani hawakurudishwa walikotoka. Walikabidhiwa wageni wawalee. Mwaka 1864 Sultan Majid wa Unguja alimpa Askofu Tozer wa misheni ya UMCA wavulana watano, wakawa wanafunzi wake wa kwanza. Baadaye wavulana wakakaa Kiungani na wasichana Mbweni. Huko Bagamoyo nako, tangu mwaka 1868, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliwalea watoto waliowanunua ili kuwakomboa. Kwa hiyo makao ya watoto ni jambo la kale kwetu, na chimbuko lake ni kosa lililotendwa hapa hapa, katika ufuko ninaouona nikiandika.

Siwalaumu waliowalea watoto wale. Mtoto aliyetembezwa kutoka Nyasa hadi Kilwa akiwa na miaka sita, kijiji chake kimechomwa, mama yake hajulikani aliko, ungemrudisha wapi? Afadhali Mbweni. Lakini hata wakati ule, wenye akili miongoni mwa wamisionari waliona kwamba kulea kisiwani si mwisho wa kazi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyetuandikia sarufi ya Kiswahili, alishuka Lindi akiwa na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa, akaelekea nao bara. Nia yake ilikuwa kufika Uyao, upande wa ziwa, maana wengi walitoka huko. Walipofika Masasi, watu wale wakaona nchi ni njema na kwao si mbali tena, wakataka wakae hapo. Askofu akakubali. Nakuomba msomaji uitazame safari hiyo kwa makini. Watu waliopitishwa njia ya pwani kwa minyororo wanairudia njia ile ile kwa miguu yao, wakielekea kwao. Haikuwa salama, kwa maana mwaka 1882 Masasi ilivamiwa na Wamagwangwara, baadhi wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka upya. Hata hivyo palijengwa tena, na Masasi ipo hadi leo.

Na kama ni habari za mume na mke wamisionari walioyajua makao ya watoto, mimi ninao wa kwangu wa kuwasimulia, na nashangaa hawasimuliwi. Cecil Majaliwa alikuwa Myao, alitekwa angali mtoto, akafika Unguja akalelewa Kiungani. Mkewe Lucy alikuwa msichana wa Mbweni. Wote wawili walikuwa watoto wa makao. Majaliwa alipelekwa Uingereza kusoma Canterbury, na mwaka 1886 akawekwa shemasi na kutumwa Chitangali, nchi ya Wayao, bara ya Lindi, kwa jumbe Nakaam. Mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupata daraja hilo. Alikaa Chitangali yapata miaka kumi, akifundisha, akibatiza, akiamua kesi, akilima, na Lucy pamoja naye akilea watoto wao na wa watu. Nakaam mwenyewe alibatizwa akaitwa Barnaba. Mzungu angehitaji miaka mitano kujua nani hamwamkii nani pale Chitangali, na kwa nini. Majaliwa alikuwa amerudi kwa watu wa lugha yake.

Mwaka 1897 alirudishwa Unguja, na huko hakuwa tena kiongozi wa nchi nzima kama alivyokuwa kule bara. Misheni iliyomlea, ikampeleka Canterbury na kumpa upadri, ilichelewa mno kumpa yeye na wenziwe nafasi ya juu kuliko hiyo. Hapo ndipo naona ugonjwa wa makao yote, ya zamani na ya sasa. Mtoto wa makao hata akiota mvi bado huonekana mtoto.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu, maana si haki kusema ya watu nikaficha ya kwangu.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya kijijini upande wa Njinjo. Palikuwa na kijana mdogo, miaka sita, mama yake alikufa kwa ugonjwa ambao siku zile tulikuwa hatuutaji. Baba yake alikwisha kutangulia. Alikaa na bibi yake, kibibi mwembamba aliyelima mtama na ufuta na kufukuza nguruwe usiku. Kijana alikuwa na akili iliyonitisha. Alijifunza kusoma kwa kutazama magazeti yaliyofungiwa chumvi. Nikasikia habari za makao fulani, mbali na wilaya yetu, yanayopokea yatima na kuwasomesha hadi mwisho. Nikaandika barua. Katika barua ile, kwa mkono wangu na mhuri wa shule, niliandika kwamba mtoto huyu hana mtu wa kumlea. Bibi yake alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu wakati naandika. Nilimwita akatia dole gumba. Hakujua kusoma, nami sikumsomea.

Kijana alisoma, kwa hilo siwezi kusema uongo. Alifika kidato cha sita, akapata cheti cha ufundi, akaajiriwa mjini. Katika miaka kumi na saba alikuja kijijini mara mbili. Huko makao alikuwa na mama watano, kwa hesabu aliyonipa mwenyewe: mume na mke wa kwanza walikaa miaka minne, wa pili mitatu, wa tatu mwaka mmoja na nusu, na kuendelea. Kila wanaokuja, watoto hufundishwa kuwaita Baba na Mama. Kila wanaoondoka, watoto huimba nyimbo za kwaheri na kupewa peremende. Aliniambia kwamba alipofika mama wa tatu aliamua kutolijua jina lake. Daktari wa Kiingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951 kwamba mtoto mchanga hudhurika akikosa mlezi mmoja wa kudumu, na dunia nzima ikamsoma. Mimi nilikuwa na kijana mbele yangu anayeniambia jambo hilo hilo akinywa soda.

Bibi yake alifariki mwaka 2011. Kijana alikuja kwa basi la usiku, akawahi maziko. Nilikuwepo. Sisi tunajua, na hata mtoto wa darasa la pili anajua, kwamba maiti ya mwanamke hupokewa kaburini na maharimu wake, na mjukuu wa kiume ni maharimu. Walikuwa wameingia wawili, nafasi ya tatu ilikuwa yake. Watu walisubiri. Yeye alisimama nyuma, pamoja na wageni waliotoka mjini, amekunja mikono mbele kwa heshima kubwa, na hakuelewa kwa nini watu wanamtazama. Mwisho mpwa wa marehemu akaruka akashuka mwanandani badala yake. Hakuna aliyemlaumu. Usiku, kwenye matanga, alikuja kukaa karibu nami akaniuliza taratibu, "Mwalimu, pale walikuwa wakinisubiri mimi?" Nikamwambia ndiyo. Hakusema neno tena, na asubuhi akapanda basi.

Nimesikia watu wakisema kwamba hayo ni mambo ya mila, na mila hazilishi mtu. Vema. Lakini kijana yule leo akitaka kuoa, nani atakayeenda posa? Akidai shamba la mikorosho la bibi yake, nani atakayesimama kusema huyu ni wetu? Jando hakuingia na rika lake. Lugha ya kwao anaisikia kama redio ya mbali. Amepata cheti na mshahara, nami nafurahi. Ila sikupewa haki ya kumwuzia vyote hivyo kwa bei ile, tena kwa dole gumba la mtu asiyejua kusoma.

Sasa wapo watakaonishika shati. Watasema, Mwalimu, umesahau vichanga. Mama hufa katika uzazi, mtoto anabaki na siku tatu, bibi hana maziwa wala fedha ya maziwa ya kopo, na kumpa uji ni kumzika. Sijasahau. Nimewaona watoto wa namna hiyo wakiokolewa na makao, na aliyewaokoa Mungu amlipe. Lakini kichanga huhitaji maziwa kwa mwaka mmoja au miwili. Hahitaji makao kwa miaka kumi na minane. Kwa nini mlango wa kuingilia una bawabu, mhuri na picha ya pasipoti, na wa kutokea hakuna hata anayejua ulipo?

Watasema tena, wapo wajomba wabaya na mama wa kambo wanaochoma watoto kwa vijinga. Kweli wapo. Mtoto wa namna hiyo aondolewe leo hii kabla jua halijatua, apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, na ikibidi alale makao. Lakini kwa ajili ya mjomba mmoja mwovu huwezi kuwafuta wajomba wote wa mkoa wa Lindi. Mbona wazazi waovu wapo na Ulaya, na hakuna anayesema watoto wote wa Ulaya wapelekwe kulelewa Kilwa?

Hoja iliyobaki ndiyo wanayoitegemea wengi, na ndiyo niliyoitegemea mimi mwaka 1994: umaskini. Bibi hana kitu, makao yana kitanda, chandarua, madaftari na nyama Jumapili. Hapa nitasema bila kuuma maneno. Umaskini wa bibi hauwi sababu ya kumnyang'anya mjukuu. Unakuwa sababu ya kumsaidia bibi. Si mimi peke yangu nisemaye hivyo. Umoja wa Mataifa ulipopitisha miongozo ya malezi mbadala ya watoto mwezi Desemba 2009, uliandika wazi kwamba ufukara peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Sheria yetu ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka huo huo wa 2009, inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Shirika la Save the Children lilieleza mwaka ule ule kwamba watoto wanne kati ya watano waliomo katika makao duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Wanne kati ya watano! Neno yatima kwenye vibao vya barabarani lina maana gani basi?

Na mambo mengine yamebadilika tangu nilipoandika barua ile. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2002, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Kaya maskini zimekuwa zikipata ruzuku kupitia TASAF, ndogo, lakini inafika mkononi mwa bibi mwenyewe. Rwanda ilianza mwaka 2013 kuwarudisha watoto majumbani kutoka katika vituo. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017. Majirani zetu wanafunga milango hii, sisi tungali tunakata utepe wa majengo mapya na kupiga vigelegele, na diwani anapewa kiti cha mbele.

Kwa nini majengo yanaendelea? Hapa nitasema neno ambalo halitapendwa. Yanaendelea kwa sababu jengo linapigika picha. Mtoto aliyepangwa ngazini amevaa sare anapigika picha. Bibi anayechoma mihogo pale Nangurukuru, mjukuu wake akifanya hesabu pembeni kwa taa ya simu, hapigiki picha vizuri, na hata akipigwa hakuna ukuta wa kuandika jina la aliyetoa. Mgeni anayetoka mbali kwa kujinyima anataka kuona alichofanya. Ni ubinadamu, nami namwelewa. Lakini mtoto hakuzaliwa ili mgeni aone alichofanya.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mume na mke wamisionari lipo, na ni zito. Wajifunze lugha, si ya salamu tu, bali ya kukaa na bibi mchana mzima bila mkalimani. Watembee hadi Miteja, Kipatimu na Njinjo wamtafute mjomba. Wanunue maziwa ya kichanga wakampelekee bibi, kila wiki, hata kwenye tope la Aprili. Wakubali kuitwa shangazi na mjomba, au dada na kaka, au hata mgeni wetu, waliache jina la mama kwa mwenye nalo. Hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao zimetibu watu wetu wa dini zote kwa miaka mingi, na hakuna mgonjwa aliyeambiwa sasa wewe ni wa hospitali, usirudi kwenu. Mgonjwa akipona hutolewa, na hospitali huhesabu hilo kuwa ni sifa. Makao nayo yahesabiwe sifa kwa waliotoka kurudi kwao.

Turudi kwenye waraka. Sikuufasiri ule ukurasa wa pili. Niliwaendea wale mume na mke, nikawaambia kuna sentensi siwezi kuiweka kwa Kiswahili kwa sababu wenye Kiswahili watakasirika, na nikawaeleza ninawajua jamaa za watoto watatu. Mke alinyamaza. Mume akauliza, kwa unyenyekevu kuliko nilivyotegemea, "Mwalimu, unaweza kutupeleka?" Jumamosi iliyofuata tukaenda Nangurukuru.

Bibi alifuta benchi kwa kanga, akawapa mihogo na pilipili, akakataa fedha. Nikamweleza kwamba hawa ndio wanaokaa na mjukuu wake. Akawatazama kwa muda, kisha akauliza maswali yake, moja baada ya moja, nami nikifasiri. Je, bado anaamka usiku akilia, au ameacha? Lile jipu la nyuma ya sikio lilikwisha? Wanampa dengu? Asipewe, zinamvimbisha tumbo tangu mdogo, na mama yake alikuwa hivyo hivyo. Mke alikuwa na daftari, akawa anaandika. Alipofika kwenye dengu akaacha kuandika. Makao yale walikuwa wakila dengu siku nne kwa wiki, na mtoto yule alikuwa na cheti cha daktari cha ugonjwa wa tumbo usiojulikana.

Waraka ulitoka miezi miwili baadaye, kwa lugha zote mbili. Sentensi ile haikuwemo. Badala yake waliandika habari za bibi na benchi lake, na kwamba wanataka kutafuta jamaa za kila mtoto, na kwamba fedha zitakazochangwa baadhi zitakwenda kwenye nyumba za jamaa hao. Mwisho wa mwaka mume alikuja nyumbani kwangu akaniambia michango imepungua karibu nusu, na kwamba kanisa moja lililokuwa likiwasaidia tangu mwanzo limeandika kuuliza kama bado wanatunza yatima. Akaniuliza kama nilijua yatakuwa hivyo. Nikamwambia niliogopa hivyo, ndiyo maana nilichelewa wiki nzima kuwaendea. Tukanywa chai.

Mtoto wa Nangurukuru alirudi kwa bibi yake Desemba 2019, na kitanda chake, chandarua na sanduku la madaftari.